Kumbukumbu za Kikao, Alhamisi ya Pili

Mimi ni karani. Sina kura.
Nina saa nane za malipo kwa wiki,
ufunguo wa ukumbi, birika lenye kutu mdomoni,
na kalamu.

Waliohudhuria: madiwani watano kati ya saba.
Udhuru: Bwana Oakshott, goti. Bibi Pargeter, wajukuu.
Wakazi: kwa kawaida hawazidi wawili,
na mmoja wao huja kuota moto.
Leo sitini na mmoja. Viti vimekwisha,
makoti yanachuruzika, vioo vimetoka jasho.

Ajenda ya nne: mtaro wa Njia ya Kanisani bado umeziba.
Ajenda ya tano: kinyesi cha mbwa. Dakika ishirini.
Ajenda ya sita: nyumba thelathini na nane
katika shamba la Coney.

Hapo ukumbi ukawa mzinga uliopigwa teke.

Diwani Hester Garrod akasema barabara ni nyembamba,
lori la maziwa na basi la Jumanne
hayapishani bila moja kumeza ua wa miiba.
Mwalimu mstaafu akasema shule imefurika.
Daktari yuko maili tisa, na simu yake huimba tu.
Bwana Thripp, aliyehamia mwaka juzi,
ambaye nyumba yake imekalia iliyokuwa bustani ya matofaa,
akasema kijiji kitapoteza sura yake.
Niliandika: wasiwasi kuhusu sura.

Mwenyekiti akagonga kikombe kwa kijiko.
Jamani, sisi hatuamui. Sisi tunatoa maoni.
Wilaya ndiyo inayoamua,
na wilaya ikikataa, kampuni itakata rufaa,
na kelele za chura mnazijua:
ng'ombe hunywa, hushiba, huondoka.

Ndipo Enoch Lilley akainua mkono kule nyuma.
Na bwawa je, lile la pembeni?
Mle mna mjusi wa majini, yule wa kishungi,
yule mwenye sheria yake.
Akionekana hata mmoja, tingatinga litazimwa.
Makofi! Miaka kumi na minne ya kuandika kumbukumbu
sijapata kuona kijiji kizima kikimshangilia mjusi
ambaye hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kumwona.

Kisha Kit.
Kit Garrod, mwana wa Hester, miaka ishirini na saba.
Ndiye anayefyeka kingo za barabara zetu
(tazama ajenda ya nane, malipo yaliyoidhinishwa).
Hulala kwenye karavani nyuma ya banda la mama yake;
mchumba wake alirudi kwao tangu baridi ya kwanza.
Kila mkazi ana dakika tatu.
Kit hakumaliza hata moja.
Akasema: nimehesabu. Nyumba kumi na moja za njia yetu
haziwashwi taa mpaka Pasaka.
Akasema: mjusi ana bwawa.
Akakaa.

Birika likaendelea kunong'ona peke yake.

Kura: wanaopinga, watano.
Hester aliinua mkono wa mwisho, nusu tu,
kama anayejikinga jua, humo ukumbini, usiku.
Ajenda ya tisa: balbu ya kituo cha basi.
Pauni arobaini. Ikapita bila mjadala.

Sasa niko jikoni, naandika nakala safi.
Mkazi mmoja aliuliza kuhusu makazi.
Nafuta "aliuliza". Hakuuliza.
Naandika "alieleza". Nafuta sentensi nzima,
nairudisha, naacha neno "mjusi" lijitokeze mara mbili,
anayetaka kuelewa ataelewa.

Nje, Coney limelala na matope yake
wala halijui kwamba ni ajenda.
Ng'ambo yake, kidirisha kimoja cha karavani, cha manjano.

Kesho saa tatu nitazibandika ubaoni,
nyuma ya kioo chenye ufa,
pale ambapo mvua huingia
na kuanza na majina.