Masizi

Fundi Mwinchande alinituma nifute masizi
kwenye mlango wa marehemu baba yake.
Nikafuta kwa kipande cha mfuko wa saruji, kibichi.
Ua likanifuata.

Ua zima, na mnyororo wake,
na jina la mzee limesimama kinyumenyume.
"Umeharibu nini tena, Mtumwa?"
Sikuharibu. Nililitoa ua mlangoni
na bado lipo mlangoni.

Pale chuoni Mwalimu Chitemo akafungua kitabu:
bundi mwenye manyoya kama miale,
mama kambeba mwana ndani ya kofia ya koti.
Watu wa barafu, akasema,
wachongaji wa pembe na mawe.
Nao walianzia hapohapo: mchongo, weusi,
karatasi laini, kiganja.
Kisha ushirika, kisha mabibi wakaja
na michoro ya penseli, wakiifuta theluji mabegani.

Mimi barafu niijuayo ni ya Bi Somoe,
ya ubuyu, ya shilingi mia.
Lakini masizi nayajua.

Wao wakishachapa hamsini, jiwe hulikwangua
lisizae tena.
Sisi hatukukwangua. Mwezi wa Shaabani
lori lilikuja Bagamoyo kutoka Masaki,
likaondoka na mlango umelazwa chali
kama mgonjwa.

Nina karatasi tisa chini ya godoro.
Nilikuwa nazo tisa.
Jana Fundi aliomba moja, hakusema ya nini.
Nilimkuta kwa kinyozi,
ameielekeza kwenye kioo,
anasoma.