Aliyesugua Birika

Miaka kumi na mmoja nimetandika likizo za watu.
Shuka nyeupe, kona nne, mkunjo wa bahasha,
taulo mbili nikazipinda shingo zikawa bata
wanaobusiana juu ya foronya,
kisha nikarudi kinyumenyume hadi mlangoni
nikifuta nyayo zangu mwenyewe.

Mwaka huu karatasi imegongwa muhuri:
Kache Mwaro, siku saba, kwa malipo.
Nyevu akapokea vyumba vyangu kumi na viwili,
akauliza, "Utakwenda wapi?"
Nikasema nyumbani.
Akacheka hadi akaketi juu ya ndoo.
"Nyumbani si likizo, dada. Nyumbani ni zamu ya usiku."

Na kweli: siku ya kwanza nikafua.
Siku ya pili nikapalilia mahindi ya mama.
Siku ya tatu nikasema la,
nikajifunga leso iliyoandikwa *Niacheni nipumue*,
nikapanda pikipiki, tukavuka daraja la Sabaki,
maji mekundu kama suuzo la kwanza la jezi za watoto,
Gongoni tukaipita na chumvi yake,
vumbi likanipaka hanjamu bila kuniuliza.

Nyari.
Mahali hapa nimepapangusa kila asubuhi:
picha ya chumba namba tisa, juu ya kitanda.
Nilidhani mpiga picha kaongeza rangi.

Langoni kijana, Tsuma, ameshika vitabu viwili vya risiti.
"Mgeni au mwananchi?"
Nikasimama. Swali dogo, lakini lilinikuta sina jibu.
"Mwananchi," nikasema, "ila leo ni mgeni."
Akanikatia ya mwananchi,
akanipa fimbo ya wageni.

Halafu ardhi ikaisha.
Mbele ya vidole vyangu, ikaisha tu,
na chini ikasimama minara ya mchanga,
weupe wa chumvi, waridi ya ufizi wa mtoto,
manjano ya dodo lililoiva upande mmoja,
na wekundu, mama yangu, wekundu
wa ndani ya kinywa cha mla tambuu.
Joto lilinipanda usoni
kana kwamba mtu kafunua sufuria.

Tsuma akaanza hadithi yake,
akituama pale ambapo Wataliano hushusha pumzi:
hapa palikaa ukoo tajiri, ng'ombe wasiohesabika,
maji wakayadharau, wakaoga maziwa,
Mungu akakasirika, akawadidimiza na nyumba zao.
Ule weupe ni maziwa. Ule wekundu ni wao.

"Nani alisugua birika?"
"Birika gani?"
"Walilooga. Maziwa yakikauka huacha utando,
mafuta yanashika ukingoni, ukichelewa yanavunda.
Maji matupu hayatoi. Yataka jivu, ndimu, na magoti.
Palikuwa na mtu, Tsuma. Naye alididimia?"

Akalitazama korongo kama amelikuta leo.
Kunguru mmoja akapita chini yetu,
mara ya kwanza maishani kumwona kunguru mgongo.
"Wageni hawajawahi kuniuliza hilo."
"Watajuaje," nikasema.

Tukakaa kwenye kivuli chembamba cha mgunga,
akanikatia nusu ya muhogo wake wa kuchoma.
Akatafuna sana. Kisha:
"Labda siku hiyo alikuwa likizo."
"Alikwenda kwao."
"Kupalilia."
Tukacheka, na korongo likaturudishia kicheko
kikiwa kimepungua kidogo.

Usiku nikalipia chumba pale Marafa,
kitanda kimoja, neti yenye matundu mawili,
nikalala katikati, mikono na miguu huku na huku.
Alfajiri nikazinduka mkono umeshakamata shuka.
Nikauachisha.
Nikatoka, nikafika kwenye mti wa uani,
nikarudi.

Taulo ilikuwa moja, nyembamba, haikutosha hata shingo.
Nikaipinda hivyo hivyo ikawa kitu,
si bata, labda kuku anayeatamia,
nikaiweka juu ya mto
kwa ajili ya yule atakayekuja na ufagio.