Mlango Wangu Kwenye Simu ya Mtu

Ramadhani, siku ya ishirini na sita, saa tisa alasiri,
Ngamiani, barabara ya kumi na sita,
cherehani imekata uzi mara ya tatu,
meza imefukiwa na kanzu za watoto zisizo na vifungo,
ndipo akaingia binti, hodi hakubisha,
akageuka kuutazama mlango wangu
kama mtu aliyemwona mdeni wake sokoni.

"Ndio huu," akasema. Akaigusa rangi:
samawati, imebanduka chini kwa pembe za mbuzi wa Mama Hiza,
bawaba moja ya shaba, moja ya chuma.
"Ndio huu. Gauni langu liko wapi?"

Tunu Mhina, katoka Pongwe na swaumu yake,
na simu mkononi mwake ilikuwa na nyumba yangu ndani.
Nikavaa miwani.
Binti wa dada yangu, Saumu, kwenye gauni la kijani
nililolishona kwa harusi ya mwaka juzi,
kasimama mlangoni, anacheka,
na pembeni, kiwiko.
Kiwiko changu.
Uso wangu wameukata, kiwiko wamekisahau.

Juu, maandishi mekundu:
OFA YA SIKUKUU. ZIMEBAKI TATU.
Na saa inayorudi nyuma, dakika kumi na nne, kumi na tatu.
Nikamuuliza, zilipokwisha, ikawaje?
"Zilianza upya," akasema, kwa sauti ndogo,
na nadhani ndipo alipoanza kujua.

Kwetu Tanga twasema: waja leo, waondoka leo.
Tulidhani twawasema wageni.
Elfu sitini na tano zake, za kuuza maandazi
tangu Rajabu,
ziliingia kwenye simu asubuhi, adhuhuri hazikuikuta,
zimeitikia sauti ya mtu laini, mwenye adabu zetu zote,
"dada yangu", "ondoa shaka",
"jina likija la mwanamume, huyo ni wakala wetu."

Tukaipiga namba. Ikaita, ikaita. Akapokea.
Nikamwambia: mwanangu, hilo gauni lina kosa.
Mkono wa kushoto niliushona kinyume, nikaufumua usiku,
kovu la sindano liko kwapani mpaka leo.
Wewe uliyelishona, niambie,
nililiziba kwa uzi wa rangi gani?
Kimya. Halafu, kwa upole wote wa dunia:
"Mama, lipia usafiri kwanza, elfu nane tu,
maswali tutayajibu mzigo ukifika."

Tunu hakulia. Afadhali angelia.
Alinitazama mikono,
bado anapima kama na mimi nimo.
Sikumlaumu. Kiwiko ni changu.

Gauni sina, nikamwambia. Lina mwenyewe, yuko Korogwe,
na siku hizi ana mapacha, halimtoshi.
Nina vipande. Lete lako la mwaka jana.
Nikalitia pindo la kijani, na ukosi.
Elfu nne, mkononi, noti zinanuka mafuta ya maandazi.
Nilizipokea. Uzi nao hununuliwa.

Tangu hapo picha zangu nazipiga
na mkasi umeachama juu ya kitambaa,
kidole gumba, kisosi cha pini,
vitu vya kumchosha mwizi kuvifuta.
Na mlangoni nimeandika kwa chaki:
NJOO USHIKE KITAMBAA.
Mvua ikifuta, naandika tena.

Siku ya Idi alipita kunionyesha,
akazunguka nusu, nusu akaona haya.

Leo ni mfungo tatu. Mbuzi wa Mama Hiza
kafungwa kamba, anakula majani mazuri
na hajiulizi kwa nini.
Tunu kaniletea simu niusome ujumbe
ulioingia alfajiri, una ua, una moyo:
"Habari Tunu. Mzigo wako uko njiani.
Tunakutakia Idi njema."