Isipokuwa Hii

Badi, leo nimeifungua ile orodha yako,
faili jembamba lisilo na kitu ila majina
ya vitu tusivyovitaka.

Ghorofa ya pili, Shimanzi. Feni lateta na dari,
chini wapakizi washusha majani chai
na vumbi lake lapanda ngazi bila hodi.
Mfumo wetu ungali unapima magunia,
ungali, alhamdulillahi, ukikosea kwa adabu.

Ulinifunza wewe: weka nazi, usiweke tui.
Tui la jana lishachacha, la leo
litakamuliwa leo, mradi nazi ipo na mbuzi ya kukunia ipo.
Kinachozaliwa na mashine
mashine itakizaa tena,
ya nini kulitwisha daftari?
Nami nikabisha, nikatia folda nzima ya ripoti,
faili elfu nne na ushei.
Ulicheka hadi ukakohoa,
ukanionyesha nyota: nyota, nukta, jina la ukoo,
yaani, nyote wa mlango huo, kwaherini.

Na siku ile ya neno la siri la benki!
Nililitia orodhani baada ya kulisajili,
nikadhani limefutika. Hukunikaripia.
"Rukiya," ulisema, "orodha humzuia mgeni mlangoni.
Aliyekwisha kuingia haimtoi."
Tukakesha tukibadilisha makufuli.
Alfajiri tulikula mahamri ngazini,
vidole vyanuka chai.

Mwaka wa pili huu tangu uende Doha.
Kompyuta yako ilirudishwa, ikafutwa,
akapewa kijana wa mapokezi.
Nami leo, ripoti zimegoma kutoka,
nashuka mstari kwa mstari natafuta sababu:
takataka za muda. Kumbukumbu za makosa.
Funguo. Nakala za kujaribia.
Kisha wa thelathini na moja, peke yake,
usio na nyota wala nukta:

barua-kwa-rukiya

Nani afichaye kitu kwa kukitangaza jina?
Wameupita mstari huu wote,
Mwakio, Paresh, hata mkaguzi aliyetoka Nairobi.
Barua hakuiona mtu. Jina wameliona wote
ila mwenye jina.

Tarehe ipo pembeni: usiku ule ule wa makufuli,
saa tisa na dakika sita.
Nilikuwa nimesinzia kwenye kiti cha pili.

Barua si tui, Badi.
Haina nazi niliyobaki nayo mimi.

Basi nimeweka, mbele ya jina,
alama ya mshangao, ambayo katika orodha hizi
haishangai kitu, husema tu:
isipokuwa hii, hii ipite.
Nikahifadhi. Nikangoja kama mjinga.

Mashine haikulalamika. Haikuleta kitu.
Ripoti zilitoka saa tano kasorobo,
gunia moja limezidi.