Kwenu Kwasifika Nini?

Pongwe, mwezi wa mvua,
bati juu likilia,
mwalimu aliingia
chaki nzima mkononi.

Akaliandika swali
kwa mwandiko wa fahali,
hata wa nyuma, wa mbali,
walisome dawatini:

"Kila mtu ana kwake,
na kwake kuna sifake;
asimame, atamke
kwao kwasifika nini."

Mhina hakusubiri,
kijana mwenye kiburi:
"Chungwa letu ni sukari,
pale Muheza stendini!"

Mwanjaa akasimama:
"Pango la Amboni, jama!
Popo wake wanavuma
toka giza la shimoni."

Shemdoe wa Lushoto
kasema, "Kwetu si joto;
kinyonga, hata mtoto,
pembe mbili kipajini!"

Mwinjaka: "Samaki yule
aliyedhaniwa kale
ametoweka milele,
kanaswa kwetu nyavuni!"

"Ngamiani baiskeli!
Hata bibi wa shughuli
aja na sinia mbili
zimetulia kichwani!"

Darasa likawa soko,
huyu wangu, hilo lako,
kinyonga katiwa mwiko,
eti balaa nyumbani.

Mwalimu kanijongea:
"Mbona, Daria, wakaa?"
Ulimi ukazubaa,
umegandia kinywani.

Kwetu ni Kambi ya Nne,
nyumba zote zifanane,
milango kumi na nane,
katikati mkongeni.

Babu, Mngoni hodari,
kwa siku saba za gari,
akuta namba tayari
ya kibati cha shingoni.

Mkonge unasifiwa,
jina "dhahabu" wapewa,
kamba meli zafungiwa
kila gati duniani.

Na mwiba nani ajua?
Ncha nyeusi ikitua
jicho moja ikatoa
la baba yangu, shambani.

Alipewa siku tatu,
na kofia, na viatu,
tena kawa mlinzi tu
wa lango la kiwandani.

Mama afunga matita,
vidole bila kusita,
macho kafumba, apata
kila tita thelathini.

Akilala huhesabu,
sauti kama ya babu,
moja moja, taratibu,
nasikia mkekani.

Hayo yote nayawaza,
mvua imejikaza,
Mhina kanikonyeza,
ana cheko mashavuni.

Mtu nyuma akatema:
"Wakuja hao, tazama,
hawana kwao, wahama,
hawasifiki, jamani!"

Mwalimu hakukemea.
Chaki alinitupia;
nikadaka, nikatua
peku peku ubaoni.

Nikachora mlingoti
mrefu kupita mti,
uchanuao wakati
wa mwisho, wa buriani.

Huchanua mara moja,
ukafa bila kungoja,
watoto wake wakija
wadondoka mchangani.

Nikasema: "Ndio sisi.
Tulidondoka upesi,
pasipo mtu kukisi
tukamea ardhini.

"Kwetu twajua hesabu,
si ya kalamu, kitabu,
ni ya ngozi na taabu,
haikosei gizani."

Ufagio kafungua,
chelewa kanimwagia,
"Thelathini!" kanambia,
na kitambaa machoni.

Vidole vikakumbuka.
Mama yupo, amefika.
Tita likakamilika,
nikalitia mezani.

Mhina kalihakiki
mara mbili, na hacheki.
Hazizidi, hazibaki,
chelewa ni thelathini.

Ubaoni pana neno
la sita, chini ya tano:
"Kambi ya Nne: mikono."
Halikufutwa jioni.

Nyumbani nikamweleza.
Mama, miba achokoza,
akacheka, kauliza:
"Kwa tita, walipa nini?"