Jina la Kabla ya Jando

Seva ya ghala ilikufa saa mbili usiku, Newala,
magunia mia nne ya korosho yakiwa hayajapimwa
na mnada ni keshokutwa.
Haikuunguza waya. Haikunuka moshi.
Iliganda tu, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema,
na kabla ya kuzimika ikamwaga kumbukumbu zake zote
kwenye diski: giga kumi na sita za dakika ya mwisho.

Mpasuaji ni mimi.
Nikavaa sweta, ukungu wa huku juu hauulizi mwezi,
nikafungua maiti.

Ndani ya maiti hamna majina.
Mna anwani tu, herufi na tarakimu, safu kwa safu,
mtaa mzima usio na mtu wa kumuuliza.
Majina hukaa kando, kwenye faili lake,
na faili nilikuwa nalo: toleo lile lile,
namba ile ile, nukta kwa nukta.
Chombo kikaguna: havilingani.
Nikakilazimisha.
(Ipo amri ya kulazimisha. Imewekwa kwa ajili ya watu kama mimi,
saa kama zile.)

Basi kikasema.
Kikasema vizuri, bila kusita,
kwamba kiini cha mfumo kilianguka kikipokea pakiti za mtandao.
Na kebo ya mtandao aliichomeka nani jioni ile?
Hemedi Nandonde, kijana wa mkataba, miezi miwili kazini.
Meneja akamwita. Mimi nikanyamaza
kunyamaza kwa mtaalamu, ambako ni kusema sana.

Alfajiri kitu kikanikereketa.
Faili lilidai kwamba kazi ya kupokea pakiti
iliitwa na kazi ya kurekebisha saa.
Thubutu! Ni sawa na kusema bibi
alizaliwa na mjukuu wake, Jumanne, mbele ya mashahidi.

Hapo ndipo nilipofanya la kufanywa mwanzo:
nikaziweka alama za uzao ubavu kwa ubavu,
arobaini za maiti, arobaini za faili,
nikafuata kwa kidole kama mtoto wa chuoni.
Ya maiti ilianza na tisa.
Ya faili ilianza na c.
Sikuhitaji kufika ya pili.

Kwetu mtoto akitoka jandoni hutoka na jina jipya.
La zamani linabaki porini.
Mwite kwa hilo, hageuki,
na ubaya wake, pengine ataitika mwingine.

Nikampigia Mfaume, ofisi kuu, Mtwara.
"Aa, kile kiini cha Agosti. Nilikijenga upya. Kiraka kidogo tu,
lebo sikuigusa."
Na majina yake?
"Yamo kwenye kompyuta yangu ya zamani. Chikongola, uvunguni."
Mtandao wetu usingeweza mzigo ule.
Yakaja kwa basi, kwenye flashi, ndani ya bahasha ya kaki
iliyoandikwa DAWA ili kondakta asisahau.

Arobaini kwa arobaini.
Chombo hakikuguna.
Kila anwani ikaitika, mwana chini ya mzazi,
hadi pale penye kosa:
kazi ya kusoma mzani, mstari wa mia mbili na tatu.

Mstari huo niliuandika mimi.
Kiraka kidogo cha Mfaume kilikuwa changu,
nilimtumia mwenyewe, Agosti, nikikimbizana na msimu.

Hemedi nilimkuta nyuma ya ghala anakula bibo,
maji yake yanamtiririka hadi kiwikoni.
Nilikuwa na sentensi nzuri njiani. Ikanipotea.
"Mzani," nikasema. "Ni mzani. Ni mimi."
Akafuta mkono kwenye suruali, taratibu, mbele na nyuma.
"Kwa hiyo kebo naichomeka?"
"Chomeka."
"Na meneja?"

Nikashika njia ya ofisini kwake
na sweta langu mwilini, jua limeshapanda.