Masikio ya Khalfan

Mabela, mwezi wa saba, saa nne za usiku,
na ukuta bado unatema joto la mchana.
Kiyoyozi kinakoroma. Bibi Shinuna anaingia
na kikombe chake cha chai ya tangawizi,
anavuta mto, anauliza:
"Haya, watu wetu wameamkaje?"

Watu wetu wamo ndani ya televisheni.
Nimewalea tangu kizazi cha kwanza:
mume, mke, kiwanja kitupu,
jiko lililoshika moto siku ya pili
kwa kuwa nilimwachia mwanamke akaange yai, na hajui.
Sasa tumefika kizazi cha sita.
Nyumba nimeipandisha ghorofa, nimeibomoa, nimeipandisha tena,
na ukuta wa ngazi umejaa picha za marehemu.

Mwanzoni Bibi alicheka tu.
"Wanasema lugha gani hawa?"
Si lugha, Bibi. Maneno ya kubuni, hayana maana.
"Aa. Kama vitukuu vyangu basi."

Halafu usiku mmoja, bila kuniangalia:
"Nitengenezee Khalfan."

Khalfan, kaka yake. Miaka tisa. Homa ya siku tatu,
Vikokotoni, kabla ya safari, kabla ya pasi mpya,
kabla ya mama yangu.
Picha yake haipo. Picha ilikuwa Bibi mwenyewe:
"Pua ipunguze. Rangi ikoleze. Siyo hivyo, mwanangu,
masikio yalisimama kama vishikio vya sufuria."
Nikayavuta, nikayavuta, mpaka akanyamaza.

Nikamzuia asikue. Mchezo unaruhusu,
unazima umri kama unavyozima taa.
Nilidhani nimetoa zawadi.
Wiki nzima Bibi alimtazama Khalfan akienda shule,
akirudi shule, akienda shule,
kisha akaweka kikombe chini.
"Umemfungia nini?
Hiyo miaka tisa kakaa nayo miaka sitini na mbili.
Mwache akue."

Akaota ndevu. Akafukuzwa kazi ya upishi.
Akamwoa jirani aliyemkataa mara mbili,
na Bibi akapiga vigelegele
hadi shangazi Ghaniya akaja kugonga mlango.
Akanenepa. Akaingia mvi.
Akashika brashi, akachora maua mabaya mabaya
ambayo hakuna aliyeyanunua.

Siku yake ilipofika, akaja yule wa joho jeusi na mundu mrefu.
"Izraili haji hivyo," Bibi alisema.
"Huyu kaja kukata majani ya mbuzi."
Lakini upindo wa kanga alikuwa ameuuma.
Kilichobaki kilikuwa chungu kidogo sakafuni.

"Nani kamwosha?"
Mchezo hauna kuosha.
"Kibla iko wapi?"
Mchezo hauna kibla.
"Kwetu Unguja ilikuwa kaskazini," akasema, "huku magharibi.
Huko kwao sijui."
Nami nilikesha hadi adhana ya alfajiri,
nikiligeuza kaburi nyuma ya nyumba,
kisha nyumba yenyewe,
nikikisia kwa jua la bandia linapozamia.

Wanawe hawaendi pale.
Wanalipita mbio wakiwahi basi la shule.
Na mimi niliyewaumba wote,
mke wa kizazi cha tatu aliitwa nani, nimesahau.

Leo kuna kichanga. Mama yake mgeni kabisa,
nilimwokota mjini, nywele nyekundu,
hana nasaba tunayoijua.
Damu mashine inachanganya yenyewe, mimi sichagui.
Keki inakatwa, kichanga kinakuwa mtoto,
anasimama, anayumba, anageuza shingo.

Bibi anainuka, magoti yanalia,
anaweka mkono juu ya kioo,
vidole vinaacha alama ya dawa ya kuchua.
"Hayo," anasema. "Hayo hapo."
Kisha, kwa sauti ya kunituma dukani:
"Hebu mpe maji, mtoto kachoka."

Nami natafuta kitufe cha maji.